Semina ya Wanandoa Likizoni: Tuwavishe, Tusiwavue



Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (s.w.), aliyeumba viumbe jozi kwa jozi na akaweka utulivu baina ya mume na mke. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake, Maswahaba zake, na kila anayefuata nyendo zao mpaka Siku ya Malipo. Ama baad.

Ndugu zangu katika imani, kwa wiki kadhaa sasa jumuiya yetu inajadili pendekezo moja. Wenzetu wa kamati ya mambo ya jamii wanataka tuandae semina ya wanandoa wakati wa likizo ndefu. Siku ya kwanza iwe hapa Mbale, kwa masomo na mazungumzo. Siku ya pili iwe matembezi mpaka Jinja, pale mto Naili unapotoka Ziwa Victoria, ili mume na mke wapate siku moja ya kupumua pamoja. Walio mbali waingie kwa Zoom. Jina lililopendekezwa ni "Likizo ya Mahaba".

Jina hilo limezua maneno. Upande mmoja unasema: mahaba na msikiti wapi na wapi? Jumuiya ya wanafunzi wa Kiislamu ihimize swala, Qur'ani na masomo, mambo ya chumbani iyaache chumbani. Upande wa pili unasema: semina ni nzuri, lakini kwa nini wanandoa peke yao? Wanandoa ni wachache chuoni. Waruhusiwe wote walio wawili wawili, wachumba na hata wapenzi, maana hao ndio wengi na ndio wenye shida zaidi.

Nimeombwa nitoe neno upande wa dini. Mimi si sheikhe wala mufti, ni mwanafunzi wa masomo ya Kiislamu kama wengi wenu. Nimeyarudia yale tunayofundishwa nikayapima pamoja na pendekezo hili. Ninaloliona naliweka mwanzo ili msomaji asihangaike kulitafuta: semina hii ni jambo la kheri na inaweza kuwa ibada, lakini anayeiandaa ameshika mkononi nguo za watu. Aangalie anawavisha au anawavua.

Hili si suala la jina tu. Tunao humu chuoni ndugu walioshika nusu ya dini yao wakiwa bado wanasoma. Mwingine yuko bwenini hapa, mkewe yuko Arua kwa wazazi. Dada mwingine amefunga nikahi akiwa mwaka wa pili, na mumewe anatafuta riziki Juba. Wanaonana likizo hadi likizo, na likizo yenyewe inamalizikia katika kuzungukia wakwe na kuhudhuria misiba na harusi za watu. Siku za walima zao tulijaa, tukala pilau na tukapiga picha. Baada ya walima hakuna aliyewauliza habari. Tunakuja kushtuka tukisikia talaka imeshatoka na mahari inabishaniwa. Kama jumuiya tunajua kuozesha, basi na tujifunze kutunza.

MAHABA YANA NAFASI KATIKA DINI

Nianze na ndugu zetu wanaoona haya. Haya ni sehemu ya imani na siwacheki. Lakini tutazame Mwenyezi Mungu ameiweka wapi habari ya mapenzi ya mume na mke. Katika Sura Ar-Rum, aya ya 21, anataja kuwa ni katika ishara Zake kwamba ametuumbia wenza kutokana na sisi wenyewe ili tutulie kwao, na akatia baina yetu mapenzi na huruma. Aya inayofuata inataja kuumbwa kwa mbingu na ardhi na kutofautiana kwa lugha zetu na rangi zetu. Basi mapenzi ya wanandoa yamewekwa katika safu moja na mbingu na ardhi. Aonaye kuwa ni jambo dogo lisilofaa kufundishwa, na aisome tena safu hiyo.

Kisha tuutazame mwenendo wa Mtume (s.a.w.). Yeye alikuwa na mzigo wa umma mzima, vita, wageni, wajumbe na wahyi unaoteremka. Pamoja na hayo, Bi Aisha (r.a.) anasimulia kwamba walishindana mbio wakiwa safarini, akamshinda Mtume. Ulipopita muda, na mwili wake ukawa umeongezeka, walishindana tena, Mtume akamshinda na kumwambia kwa utani kuwa sasa wamelipana. Amepokea Abu Dawud. Siku ya Idi Wahabeshi walipokuwa wakicheza kwa mikuki msikitini, Mtume alimsitiri kwa shuka yake ili atazame, akasimama naye mpaka yeye mwenyewe alipochoka. Hiyo imo katika Bukhari na Muslim. Na katika Bukhari imekuja pia kwamba akiwa safarini, usiku ulipoingia, alikuwa akienda pamoja na Bi Aisha huku wakizungumza.

Nataka tusimame kidogo kwenye safari moja, kwa kuwa pendekezo letu lina safari ndani yake. Kidani cha Bi Aisha kilikatika njiani. Mtume (s.a.w.) akasimamisha msafara ili kitafutwe, na watu wote wakasimama pamoja naye, mahali pasipo na maji, nao hawakuwa na maji. Watu wakamlalamikia Abu Bakr (r.a.), baba yake Aisha. Akaja amekasirika, akamkaripia binti yake, naye hakuthubutu kujitikisa kwa kuwa Mtume alikuwa amelala amemwekea kichwa pajani. Asubuhi ikaingia na hakuna maji, na Mwenyezi Mungu akateremsha aya ya kutayamamu. Walipomwinua ngamia, kidani kikaonekana chini yake.

Kila mgonjwa anayetayamamu leo hospitalini na kila msafiri aliyekosa maji anafaidika na ruhusa iliyoteremka katika usiku ule, msafara uliposimama kwa ajili ya kidani cha mke. Mtume hakumwambia Aisha, "Tuna kazi kubwa kuliko kidani chako." Basi na sisi, tukisimamisha shughuli zetu siku mbili ili mume na mke watafute walichopoteza njiani, hatujatoka nje ya dini.

MAANA YA LIBASI

Katika Sura Al-Baqara, aya ya 187, Mwenyezi Mungu anasema kuwa wake ni libasi kwa waume na waume ni libasi kwa wake. Aya hiyo imekuja mwishoni mwa aya za funga ya Ramadhani, pale Waislamu walipobainishiwa kilicho halali kwao usiku. Hata katika mwezi wa ibada kuu, haki ya mume na mke haikusahauliwa.

Na tuifikirie libasi. Nguo ndiyo kitu kilicho karibu zaidi na mwili. Inajua kovu lako ambalo rafiki wa miaka kumi halijui, na ikishalijua inalificha. Inakukinga na baridi ya Mlima Elgon na jua la mchana. Inakupamba mbele ya watu. Na kila nguo ina kipimo chake, maana fundi cherehani hamkatii mtu kanzu kwa kipimo cha jirani.

Kwa maana hizo tunapata mizani ya kupimia semina yetu. Jambo lolote katika ratiba litakalomfanya mume au mke awe sitara bora kwa mwenzake, lina nafasi. Jambo lolote litakalofunua kovu la mtu mbele ya ukumbi, hata likichekesha, halina nafasi. Na tusiwape wote kanzu ya kipimo kimoja, kwa sababu ndoa ya miezi mitatu ina haja zake, na ndoa yenye watoto wawili na mke anayeandika utafiti wa mwaka wa mwisho ina haja nyingine.

NANI AINGIE?

Sasa nije kwa upande wa pili, wanaotaka mlango uwe wazi kwa kila walio wawili. Najua wengi wao wanasema hivyo kwa huruma, na wamesema kweli kwamba vijana wasio na ndoa wana shida. Lakini dawa ya mtu mmoja huweza kuwa sumu kwa mwingine.

Qur'ani inaiita ndoa mithaqan ghalidha, ahadi nzito, katika Sura An-Nisaa, aya ya 21. Maneno hayo hayo yametumika katika Sura Al-Ahzab, aya ya 7, kwa ahadi ambayo Mwenyezi Mungu aliichukua kwa Mitume. Tazama uzito wake! Mazungumzo ya mahaba, kukaa faraghani, kushikana mikono ukingoni mwa Naili, yote ni matunda ya ahadi hiyo. Tukiwagawia matunda wale ambao hawajapanda mti, tunawafundisha kuwa mti hauna haja. Na Sura Al-Israa, aya ya 32, haikukataza zinaa peke yake, imekataza hata kuikaribia. Jumuiya ya Kiislamu haiwezi kuwalipia watu nauli ya kuikaribia.

Hapa kwetu Uganda kuna jambo la kubainisha. Wapo wanaodhani kwamba baada ya kwanjula, familia zikishakutana, zawadi zikapokelewa na bwana harusi akakubaliwa, mambo yamekwisha. Kwanjula ni mila nzuri ya kujuana na kuheshimiana, na katika familia nyingi za Kiislamu akidi hufungwa siku hiyo hiyo. Lakini kama haikufungwa, hao bado ni wachumba. Nikahi inataka ridhaa ya wawili, walii, mashahidi wawili, na tamko la kuoza na kukubali. Mahari ni haki ya mke. Bila ya hayo, hata kama wazee wameshaanza kuitana wakwe, viti vyao bado haviwi pamoja.

Je, tuwafukuze wachumba na wasio na wachumba? Hapana. Tuwape somo lao. Tuweke nusu siku ya maandalizi ya ndoa, wanaume upande wao na wanawake upande wao. Watu wafundishwe namna ya kuposa, maswali ya kumuuliza mchumba mbele ya walii, deni, mimba, masomo na kazi baada ya ndoa. Mughira bin Shu'ba (r.a.) alipotaka kuoa, Mtume (s.a.w.) alimwelekeza amtazame mwanamke huyo kwanza, kwa kuwa hilo linasaidia mapenzi yao yadumu. Dini haikutaka watu waoane wamefumba macho. Imetaka waonane kwa heshima.

Na wazazi na walezi waalikwe kwenye somo hilo, kwa sababu baadhi ya vijana wanaojificha wamefungiwa mlango wa halali kwa gharama. Bukhari amepokea habari ya Swahaba masikini ambaye Mtume alimwambia atafute japo pete ya chuma, alipoikosa akamuoza kwa Qur'ani aliyoihifadhi. Ewe ndugu yangu uliye katika uhusiano wa siri, usidhani tunakufungia mlango kwa kukudharau. Tunakuonyesha mlango wenyewe ulipo, na ukitaka kwenda kubisha hodi kwa walii wake, wapo ndugu katika jumuiya watakaovaa kanzu wakusindikize.

KATIKA KUANDAA SEMINA YA ANA KWA ANA

Kamati imeniuliza pia mambo ya utaratibu. Nataja yale ambayo dini ina neno nayo.

Kwanza ni matumizi. Sura Al-Furqan, aya ya 67, inawasifu waja ambao wakitoa hawafanyi israfu wala uchoyo, huwa katikati ya hayo. Si kila mwanandoa miongoni mwetu ana nauli ya Jinja, na wengine bado wanadaiwa ada. Mume akikopa ili asiaibike mbele ya wenzake, atarudi nyumbani na deni badala ya utulivu. Napendekeza safari ya Jinja iwe hiari na ichangiwe na mfuko wa jumuiya bila kutajwa nani amelipiwa. Wasioiweza wapande Wanale hapa juu yetu na chupa ya chai na mandazi. Bi Aisha hakupelekwa hotelini. Alishindana mbio na mumewe jangwani, na akalikumbuka jambo hilo maisha yake yote.

Pili ni wakati. Ratiba ifuate swala, na baada ya kila somo pawe na nafasi ya mume na mke kukaa peke yao, wakiwa mbali na masikio ya watu. Somo la dakika arobaini linatosha kufungua mlango, kilichobaki ni wao wenyewe kuingia. Wapewe maswali matatu tu. Ni jambo gani ninalofanya linalokutuliza? Ni jambo gani umelinyamazia kwa kuogopa kuniudhi? Tukirudi nyumbani, tubadilishe jambo gani moja? Majibu yabaki kwao. Asisimamishwe mtu ukumbini kutoa ushuhuda, na isichezwe michezo ya kumuuliza mke aibu za mumewe ili watu wacheke.

Tatu ni masomo yenyewe. Yasiwe ya kusifiana na maua tu. Pawe na somo la mashauriano, na mfano upo Hudaybiya. Mtume (s.a.w.) aliwaamuru Maswahaba wachinje na wanyoe, wakabaki wamekaa kwa huzuni. Akaingia kwa Bi Umm Salama (r.a.) akamweleza, naye akampa rai kwamba atoke, asiseme na mtu, achinje na anyoe yeye kwanza. Akafanya hivyo, na wote wakainuka wakafuata. Mume anayeona haya kusema "mke wangu ndiye aliyenipa rai hii" na aifikirie siku ile.

Pawe na somo la kazi za nyumbani. Bi Aisha alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, alijibu kuwa alikuwa katika kuwahudumia watu wake, na swala ikifika hutoka kwenda kuswali. Wanaume tunaoshinda kwenye daawa na mke anarudi darasani jioni kukuta vyombo vya asubuhi, tulisikilize somo hilo tukiwa mstari wa mbele.

Na pawe na somo la wanaharakati kama sisi. Salman (r.a.) alimtembelea ndugu yake Abu Dardaa (r.a.), akamkuta mkewe amevaa ovyo, hakujipamba. Alipomuuliza, mke akajibu kwamba nduguye hana haja na dunia. Abu Dardaa alikuwa akifunga mchana na kuswali usiku. Salman akamfungulisha, akamlaza usiku mpaka ulipofika mwisho wake wakaswali, kisha akamkumbusha kuwa Mola wake ana haki, nafsi yake ina haki, na ahli yake ina haki. Habari ilipofika kwa Mtume, alisema Salman amesema kweli. Mke wa Abu Dardaa hakwenda kulalamika kwa mtu. Salman ndiye aliyeona. Jumuiya inayoandaa semina hii inafanya kazi ya Salman.

Nne ni watoto. Wanandoa wenye watoto hawatapata nafasi kama watoto hawana pa kukaa. Hapa ndipo ndugu na dada ambao hawajaoa wala kuolewa wanapoweza kupata fungu lao la thawabu, kwa kushika zamu za kulea na kupika. Anayetaka kujifunza ndoa, na aanze kwa kumbembeleza mtoto wa mwenzake saa mbili.

KATIKA KUANDAA SEMINA YA MTANDAONI

Wapo watakaosema tuache Zoom, semina ni ya kukutana. Lakini waliotengana ndio wenye haja kubwa zaidi. Inasimuliwa kwamba Sayyidna Umar (r.a.), akizunguka Madina usiku, alimsikia mwanamke akilalamikia upweke, mumewe akiwa vitani. Akamuuliza binti yake Bi Hafsa (r.a.) ni muda gani mwanamke anaweza kustahimili kukosa mumewe. Wapokezi wametaja miezi minne, wengine sita. Umar akaufanya muda huo kikomo cha askari kukaa mbali na nyumbani. Kiongozi wa dola alibadili utaratibu wa jeshi kwa sababu ya mwanamke mmoja aliyekuwa peke yake usiku. Wanandoa wetu walioko Juba, Arua na hapa Mbale hawana Umar wa kuwarudisha. Tukiwapa saa mbili za mtandaoni, ni kidogo, lakini si bure.

Hatari ya mtandao iko katika sitara. Muslim amepokea hadithi kwamba miongoni mwa watu watakaokuwa na daraja mbaya zaidi mbele ya Mwenyezi Mungu Siku ya Kiyama ni mtu anayekutana na mwenzake kisha akaeneza siri yake. Zamani siri ilienea kwa mdomo, ikasahaulika. Leo mtu anapiga picha ya skrini, na kabla ya Magharibi imefika kwenye makundi kumi ya WhatsApp. Kwa hiyo nasihi yangu ni hii. Mafunzo ya sheikhe au mwalimu yarekodiwe akiwa peke yake, lakini mazungumzo ya washiriki yasirekodiwe kabisa. Kiungo cha kuingilia atumiwe kila mmoja kwa namba yake, kisiwekwe hadharani. Kamera ziwe hiari, na dada asilazimishwe kujitokeza mbele ya wanaume wasio maharimu zake. Maswali ya ndani yaandikwe bila jina, ya wanawake yapelekwe kwa mwalimu wa kike na ya wanaume kwa mwalimu wa kiume.

Jambo ninaloliona kubwa zaidi ni hili: nusu ya muda huo usiwe wa Zoom. Mwalimu akimaliza, mkutano ufungwe, na kila mume ampigie mkewe wazungumze wawili wao. Kama jumuiya ina fedha kidogo, inunulie bando wale wasio nalo, maana mapenzi ya mbali hukatika mara nyingi pale bando linapokatika. Na katika mazungumzo hayo, tumwige Mtume (s.a.w.) katika kusikiliza. Bi Aisha alimsimulia kisa kirefu cha wanawake kumi na mmoja waliokaa kuelezana habari za waume zao, kisa kinachojulikana kwa jina la Umm Zar'i. Kilipoisha, Mtume alimwambia kwamba yeye kwake ni kama Abu Zar'i alivyokuwa kwa Umm Zar'i. Maana yake alikifuata kisa tangu mwanzo mpaka mwisho, na akachagua ndani yake neno la kumfurahisha. Sisi mke hajamaliza sentensi ya pili, vidole vimeshafungua ujumbe mwingine.

MPAKA WA SEMINA

Lazima nitaje na mpaka. Semina si dawa ya kila ugonjwa. Mke anayepigwa hahitaji matembezi ya mtoni pamoja na anayempiga. Anahitaji usalama, wazee wake na msaada wa sheria. Wanandoa waliofikia mfarakano wanahitaji waamuzi, mmoja kutoka kwa jamaa za mume na mmoja kutoka kwa jamaa za mke, kama inavyoelekeza Sura An-Nisaa, aya ya 35. Kamati iwe na mtu mzima mwaminifu, wa kike na wa kiume, ambaye mshiriki anaweza kumfuata pembeni na kusema, "Mimi langu ni zaidi ya hili." Tusimvike mtu shuka ya maua juu ya jeraha linalotoka damu.

Ndugu zangu, wanaohofia jina na walibadilishe. Tuite semina ya libasi, tuite mapenzi na huruma, hatutagombana. Lakini kazi isiachwe. Tirmidhi amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) aliwataja walio bora miongoni mwetu kuwa ni walio bora kwa watu wa nyumbani kwao. Hakusema walio bora mimbarini, wala kwenye uchaguzi wa jumuiya, wala kwenye matokeo ya mitihani. Na kipimo cha semina yetu hakitakuwa idadi ya waliohudhuria wala picha zilizopigwa. Kitaonekana baada ya mwezi, usiku, simu inapoita Juba na anayepokea anafurahi kuona jina la aliyepiga.

Ewe Mola wetu, watulize wanandoa wetu, walio pamoja na waliotengana. Wakutanishe waliotengwa na masomo na riziki. Warahisishie halali vijana wetu, na uwafungulie mioyo mawalii wao. Tusitiri duniani na Akhera, na utufanye sitara ya wenzetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.